Pindo la Kitambaa: Spika za Cambridge na Suala la Kuzifufua

Katika miji ya Marekani, Ulaya na Japani wako watu ambao, wakisikia kwamba vyombo vya nyumba ya marehemu fulani vinapigwa mnada, hawaendi kutazama saa za ukutani wala sahani za kichina. Huenda moja kwa moja sebuleni, hupiga magoti mbele ya masanduku mawili ya mbao yaliyowambwa kitambaa usoni, na kuyageuza ili wasome namba zilizoandikwa nyuma. Masanduku hayo ni spika za muziki zilizotengenezwa miaka 50, 60, hata 70 iliyopita. Baadhi yake hayatoi sauti kabisa. Walakini hununuliwa, hubebwa kwa taabu hadi nyumbani, hufunguliwa, na kazi ya majuma mengi huanza.

Kazi hiyo ina swali ndani yake ambalo si la mafundi peke yao, nalo ni hili: kitu cha zamani kikiharibika, ni kipi kinachopasa kurudishwa, umbo lake au tendo lake? Spika za kampuni ya Acoustic Research, iliyoanzishwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1954, zafaa kutazamwa kwa ajili ya swali hilo, maana uvumbuzi wenyewe ulikaa mahali padogo ambapo mnunuzi hakupatazama: katika pindo la kitambaa lisilozidi upana wa vidole viwili.

Kabla ya kuendelea, majina yataka kuwekwa sawa. Kiswahili kina kipaza sauti, jina lililoundwa vizuri kutokana na kitenzi paza, nalo lingetosha lau lisingebebeshwa kazi mbili. Hutajwa kwa chombo anachokisemea mhutubu, na hutajwa vilevile kwa chombo kinachowatolea wasikilizaji sauti yake. Vyombo hivyo vimo katika ncha mbili za mnyororo mmoja: cha kwanza hupokea mtetemo wa hewa kikaugeuza kuwa umeme, cha pili hupokea umeme kikaugeuza kuwa mtetemo wa hewa. Huenda mafundi wasione ubaya katika kulitumia jina moja, kwa kuwa spika ndogo ikiunganishwa kinyume yaweza kupokea sauti pia. Lakini mwandishi wa historia hawezi kustarehe hivyo. Spika, jina lililotoka katika Kiingereza, nalo lina mwenzake Bungeni, ila hakuna atakayewachanganya. Katika makala haya, basi, spika ni sanduku zima pamoja na yaliyomo. Karatasi ngumu inayotikisika itaitwa kawa, kwa kuwa imeumbwa mfano wa kawa la kufunikia chakula. Ukanda unaoshikilia ukingo wa kawa hilo kwenye fremu ya chuma utaitwa pindo. Na kile kiwambo kidogo cha mviringo kinachotoa sauti nyembamba kitaitwa kuba.

Gramafoni za kwanza hazikuwa na lolote katika hayo. Santuri za Siti binti Saad, zilizotiwa sauti Bombay mwaka 1928, zilipigwa pwani kwa gramafoni za kamani: sindano ilitikisa kiwambo, na pembe ikakuza sauti, pasipo waya wala umeme. Lakini miaka mitatu kabla ya safari hiyo ya Bombay, yaani mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walikuwa wamekwisha kueleza spika ya namna inayotumika hata leo. Koili ya waya mwembamba hugandishwa kwenye ncha ya kawa na kukaa ndani ya mwanya wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koili husogea mbele na nyuma, na kawa husogea nayo. Wazo la koili inayosogea lilikuwa la zamani zaidi, kwani Oliver Lodge wa Uingereza alikuwa nalo tangu 1898. Ila Rice na Kellogg ndio waliolifanya liwe chombo cha nyumbani.

Kawa, hata hivyo, lina nyuso mbili. Linaposukuma hewa ya mbele, papo hapo huivuta ile ya nyuma. Sauti nyembamba haisumbuki kwa hilo. Sauti nene, ambayo mawimbi yake ni marefu, hupita ukingoni ikakutana na kinyume chake kitokacho upande wa pili, na zote mbili hufutana. Ndiyo sababu redio za mezani zilizokuwa wazi nyuma zilimsikilizisha mtu kila neno la mtangazaji, lakini ngoma ikasikika kama mtu anayegonga meza kwa kidole.

Dawa iliyojulikana ilikuwa ukubwa. Mtu aliweza kulifungia kawa katika kasha kubwa mfano wa kabati la nguo, au kulitoboza katika ukuta wa nyumba ili chumba cha pili kiwe kasha. Mwaka 1946 Paul Klipsch alitoa spika yake ya Klipschorn, ambayo husimama katika pembe ya chumba na kuzitumia kuta mbili kuwa sehemu ya pembe yake. Na hapa Kiswahili, kwa kuwa na neno moja kwa kona na kwa tarumbeta ya mnyama, chaeleza chombo hicho vizuri kuliko lugha yake ya kuzaliwa. Kulifungia kawa katika kasha dogo hakukufaa. Hewa iliyobanwa nyuma yake ilikuwa kama kamani ya pili iliyoongezwa juu ya kamani ya kwanza, yaani lile pindo gumu, na kawa likakataa kutembea.

Bwana Edgar Villchur, aliyezaliwa New York mwaka 1917, hakuwa mhandisi kwa elimu ya darasani. Masomo yake ya chuo yalikuwa ya historia ya sanaa, na ufundi wa elektroniki aliupata jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita alikuwa na duka la kutengeneza redio, akaandika makala katika magazeti ya mafundi, na kufundisha somo la utoaji wa sauti katika Chuo Kikuu cha New York. Labda kwa sababu hakulelewa na mazoea ya viwanda, aliiuliza kamani ile ya kwanza swali ambalo waliolelewa nayo walikuwa wameacha kuliuliza: kazi yako ni nini hasa?

Jibu alilolipata ni kwamba pindo gumu ndilo lililokuwa likiharibu sauti nene. Likivutwa kidogo, hurudi kwa kadiri ile ile. Likivutwa sana, hukaza ghafula kama kamba iliyofika mwisho wake, na muziki ukatoka na takataka ambazo mpigaji hakuzipiga. Hewa iliyofungiwa haifanyi hivyo. Ikibanwa kwa kiasi kidogo, hurudisha nguvu kwa kadiri ilivyobanwa, karibu bila kosa. Basi badala ya kulalamika kwamba kasha dogo lina hewa inayosukuma, Villchur aliona heri kuifanya hewa hiyo iwe kamani pekee, na pindo liondolewe ugumu wake wote, libaki kazi mbili tu: kuliweka kawa katikati, na kuzuia hewa isipite. Kasha lizibwe kabisa. Lijazwe sufi ya nyuzi za kioo, ambayo hupokea joto la hewa inapobanwa na kulirudisha inapolegea, na kwa hila hiyo kasha dogo likatenda kama lililo kubwa zaidi.

Pindo laini kiasi hicho halikuwako madukani. Kwa mfano wa kwanza kitambaa kilikatwa katika godoro kuukuu la nyumbani kwake, na mkewe, Bibi Rosemary, ambaye wakati wa vita alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, alikichorea kiolezo. Wenye kuandika habari za uvumbuzi hupenda kuuanzia maabara. Huu ulianzia kitandani, na yafaa kulikumbuka hilo wakati atakapokuja kuonekana, miaka mingi baadaye, fundi mwenye gundi mkononi.

Kampuni zilizokuwa zikitengeneza spika hazikulitaka wazo hilo. Aliyelitaka ni mwanafunzi wa Villchur, kijana Henry Kloss, aliyekuwa na karakana Cambridge ambamo aliunda makasha ya spika. Mwaka 1954 wakaanzisha Acoustic Research, na katika mwezi wa Oktoba mwaka huo spika yao ya kwanza, AR-1, ilionyeshwa New York. Kasha lake lilikuwa la lita zipatazo 50, likaweza kulazwa juu ya rafu ya vitabu, nalo likashuka katika sauti nene hadi mahali ambapo masanduku makubwa mara kadhaa hayakufika. Watazamaji wengine walitafuta spika ya pili iliyofichwa. Kuwaaminisha kulihitaji vipimo, na Villchur alipenda vipimo: spika ilizikwa kondeni, uso wake ukiwa sawa na ardhi na kuielekea mbingu, ili pasiwe na ukuta wala dari ya kurudisha mwangwi na kumdanganya mpimaji.

Ushirika wa watu hao wawili haukudumu. Mwaka 1957 Kloss aliondoka na kuanzisha, pamoja na Malcolm Low na J. Anton Hofmann, kampuni ya KLH, inayobeba herufi za majina yao matatu. Villchur alibaki, na mwaka 1958 ikatangazwa AR-3. Kwa chini ilikuwa ni AR-1 ile ile. Kwa juu ilikuwa kitu kipya: badala ya makawa, sauti za kati na sauti nyembamba zilitolewa na kuba mbili, moja ya inchi mbili na moja ndogo zaidi, kwa kuwa umbo la kuba huitawanya sauti pande zote za chumba wakati kawa huielekeza mbele kama tochi. Kuba zimekuwa za kawaida mno siku hizi hata watu hawaulizi zilitoka wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ilialika watu kuja kusikiliza Fine Arts Quartet, wapigaji wanne wa fidla na sello, wakiwa jukwaani pamoja na spika za AR-3. Wapigaji walipiga, kisha, katikati ya wimbo, walizuia nyuta zao zisiguse nyuzi huku mikono ikiendelea kwenda, na spika zikaendeleza muziki uliotiwa katika utepe hapo awali. Wengi hawakutambua mpito ulikuwa wapi. Maonyesho ya namna hii yalifanywa mara nyingi. Ni halali mtu kuyashuku, maana macho husaidia masikio kudanganyika, na mikono inayokwenda ni ushahidi wenye nguvu. Hata hivyo kampuni iliyofanya jambo hilo mbele ya watu ilijiweka katika hatari ambayo wenzake waliikwepa.

Njia zake za kuuza pia zilikuwa tofauti. Ilikuwa na vyumba vya kusikilizia, kimoja katika kituo cha reli cha Grand Central, New York, na kimoja Cambridge, ambamo hapakuuzwa kitu. Mpita njia aliingia, akakaa, akasikiliza, akaenda kupanda treni. Spika zilipewa dhamana ya miaka mitano, pamoja na gharama za kuzisafirisha. Miles Davis alionekana katika matangazo akiwa nyumbani na spika hizo. Kufikia mwaka 1966 karibu theluthi ya spika zilizouzwa Marekani zilikuwa za kampuni hii moja.

Bahati ilikuwa imesaidia. Santuri za stirio zilianza kuuzwa mnamo 1958, na nyumba iliyotosheka na spika moja ikahitaji mbili. Bibi mwenye nyumba aliyevumilia kabati moja sebuleni hakuwa tayari kuvumilia mawili. Masanduku madogo yalikuwa tayari yakimngoja.

Bei ya udogo huo ililipwa mahali pengine. Hofmann wa KLH alieleza kwa hesabu jambo ambalo mafundi bado huliita kwa jina lake: mtu anayetaka sauti nene ya chini kabisa, kasha dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, hawezi kuyapata yote matatu; achague mawili. AR ilichagua mawili ya kwanza. Klipschorn huridhika na wati moja au mbili, lakini mwenye AR-3 aliambiwa asiwe na amplifaya ya chini ya wati 25 kwa kila upande. Kwa vyombo vya 1958 hizo hazikuwa wati chache.

Hataza ya Villchur, aliyoipata mwaka 1956, ilipingwa mahakamani na kuangushwa, kwa kuwa Harry Olson alikuwa amekwisha kuandikisha jambo la jamaa hiyo kabla yake. Kuanzia hapo kila kiwanda kikawa huru kutumia hewa kuwa kamani, na vingi vilifanya hivyo. Mwaka 1967 Villchur aliiuza kampuni kwa Teledyne na kugeukia uziwi. Alichunguza kwa nini visaidizi vya kusikia viliwachosha wenye kuvivaa, na mwaka 1973 alichapisha utafiti kuhusu kifaa kinachogawa sauti katika mafungu na kukuza kila fungu kwa kiasi chake. Hakuuandikishia hataza. Alifariki mwaka 2011.

Spika zake ziliendelea kuishi bila yeye, na hapo ndipo mambo ya kuzifufua yanapoanza.

Pindo la kitambaa lilipakwa dutu ya mpira ili lisipitishe hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile iliyofuata, viwanda, AR kikiwa kimoja wapo, vilianza kutumia pindo la sponji. Lilikuwa laini, rahisi kubandika, na lenye umbo lile lile kila mara. Fundi wa zamu hiyo hakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Lakini sponji ya namna hiyo huliwa na unyevu na hewa. Baada ya miaka 15 au 20 hulainika, hunata, kisha huanguka vipande vipande kama mkate mkavu. Ndivyo ilivyotokea kwamba spika za 1959 zingali na mapindo yake ya kwanza, na zile za 1975 zilizokuwa wajukuu wao zimekwisha kubadilishiwa mara mbili. Anayefungua sanduku leo huweza kujua umri wake kwa kugusa tu: kitambaa au makombo.

Kwa wenye sponji kazi haina ubishi mkubwa. Pindo lililooza halina sauti ya kulindwa. Makombo hukwanguliwa, gundi ya zamani huondolewa kwa spiriti, koili huwekwa katikati kwa vipande vya karatasi ngumu ili isikwaruze sumaku, na pindo jipya hubandikwa. Mtu mtulivu huimaliza kazi hii mezani kwa siku mbili. Ubaya ni pale anapouziwa pindo la upana usiofaa au lililo zito kuliko la asili, nalo huuzwa kwa wingi.

Penye kitambaa ndipo palipo na hatari, kwa sababu kitambaa hakionekani kuharibika. Kiko mahali pake, hakina tundu, rangi yake imefifia kidogo tu. Kilichokwisha ni ile dutu ya mpira, na hewa inapenya kati ya nyuzi. Sauti nene hupungua bila kukatika. Mwenye spika hudhani ni uzee, au hudhani kwamba watu wa zamani walisifu kisichosifika. Fundi mwema hupaka upya dutu isiyokauka ikawa ngumu, tabaka jembamba, akangoja, akapima, akaongeza ikihitajika. Fundi mwingine huona kitambaa kilicholegea, na kwa moyo wa kusaidia hukipaka gundi ya mbao. Gundi hukauka. Pindo huwa imara, hung'aa, na litadumu miaka mia. Spika hiyo ikiwekwa mezani haina kasoro hata moja ionekanayo: kasha ni lile, kawa ni lile, kitambaa ni kile, nambari ni ile. Lakini kamani ya kwanza, ambayo Villchur aliiondoa kwa kitambaa cha godoro, imerudishwa, na kilichobaki ni spika ya 1950 ndani ya nguo za 1958.

Lingana nalo jambo la kapasita. Ndani ya AR-3 zimo kapasita za karatasi na nta, ambazo huelekeza sauti nyembamba kwenye kuba na kuizuia nene isifike huko. Karatasi hunywa unyevu kadiri miaka ipitavyo, kipimo hubadilika, na kuba hupewa kisichokuwa chake. Fundi anayezitoa na kuweka mpya za plastiki ameingiza katika sanduku kitu ambacho macho hukikataa mara moja. Kingali kinafanya kazi iliyoandikwa katika mchoro wa 1958, kwa kipimo kile kile. Wako wanunuzi ambao hupunguza bei wakikuta kapasita mpya, na hulipa zaidi kwa zile zilizooza ambazo hazijaguswa. Hukumu hiyo ni ya mkusanyaji wa stempu. Haiwezi kutetewa na mtu anayekusudia kusikiliza.

Hapa msomaji aliyezoea hati za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu atakuwa amekwisha kulitambua suala lenyewe. Hati iliyotobolewa na wadudu ikinakiliwa, mnakili mwangalifu huacha nafasi pale pasiposomeka, au hujaza na kusema kwamba amejaza. Asiye mwangalifu hutia neno linalopatana na vina na mizani. Mshororo ukawa mzuri, na utenzi ukaharibika pasipo mtu kujua. Gundi ya mbao ni neno la namna hiyo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: hati ya kale yaweza kuhifadhiwa bila kuguswa na bado ikasomwa, walakini spika isiyotoa sauti haisomeki. Kuiacha ilivyo ni kuifunga kinywa. Kwa hiyo haitoshi kumwambia fundi asibadili kitu. La kumwambia ni kwamba abadilishe akijua sehemu ile iliwekwa kutenda nini, na kwamba aache alama. Mafundi wazuri wana desturi ya kutia sehemu walizoziondoa katika mfuko na kuufunga ndani ya kasha, pamoja na karatasi yenye tarehe na maelezo ya walilolifanya. Huo ndio uhakiki wa maandishi, ingawa wenyewe hawauiti hivyo.

Anayenunua, kwa sababu hizo, hana budi kutumia vidole na masikio kuliko macho. Ubao uliokwaruzwa si neno. Hupigwa msasa na kupakwa mafuta. Kitambaa cha kitani kilicho usoni, kikiwa kimechafuka kwa moshi wa sigara za miaka 20, hufuliwa au hubadilishwa. Jambo la kwanza ni kukaribisha sikio kwenye kila kuba, muziki ukipigwa pole, kwa kuwa kuba ya AR-3 iliyokufa ni shida kuipatia nyingine. Lakini asikate tamaa upesi. Nyuma ya spika hizi mna vidhibiti viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti za kati na kimoja cha sauti nyembamba, na ndani yake chuma huota kutu ya kijani hadi umeme usipite. Spika nyingi zimeuzwa kwa bei ya kuni kwa kuwa kuba zake hazikusikika, na mnunuzi aliyejua akakizungusha kidhibiti mara 20 mbele na nyuma, na sauti ikaja kwa mikwaruzo. Nyumbani atavitoa, avisugue, au aweke vipya. Atakapoitoa sufi ya kioo ili avifikie, avae glavu na kufunika pua, na aipime uzani wake kabla ya kuiweka kando, maana ikirudi pungufu hata kasha si lile tena.

Namna zinavyosikika hakuna njia ya kuiandika bila kusema mengi yasiyothibitika. Yaliyo wazi ni haya. Sauti nene yake haivumi. Dufu likipigwa husikika na kukoma pale ngozi inapokoma, na kinanda cha kanisa hushuka hadi mtu aihisi sakafu. Sauti nyembamba, vidhibiti vikiachwa katikati, ni ya upole, na masikio yaliyozoea spika za leo huiona kuwa na giza. Villchur alishikilia kwamba hivyo ndivyo muziki unavyofika kwa aliyeketi katikati ya ukumbi, si kwa aliyesimama karibu na fidla. Wengi hufungua vidhibiti hadi mwisho, na vipimo haviwapingi. Ila santuri za miaka ile, zilizotiwa sauti na watu waliokuwa wakisikiliza kwa spika za namna hii, mara nyingi hukaa vizuri zaidi vidhibiti vikiwa chini kidogo.

Iko njia moja ya kujua kama pindo lina hewa au halina, isiyohitaji chombo. Vidole vinne huwekwa juu ya kawa, vikaachana sawasawa, likasukumwa ndani pole pole kiasi cha nusu inchi, kisha vidole vikaondolewa. Kama hewa inavuja, au kama pindo limekaushwa kwa gundi, kawa huruka kurudi mahali pake papo hapo. Kama kasha limeziba na kitambaa kimelegea kama kilivyokatwa siku ile, kawa hurudi taratibu, mtu akaweza kuhesabu moja, mbili, kabla halijatulia. Wapakaji hufanya jaribio hili baada ya kila tabaka. Jioni ya kwanza hurudi upesi mno. Hupaka tena, huliacha lilale usiku, na asubuhi huweka vidole juu yake na kuhesabu.